Mwongozo Kamili: Kusoma Vipimo vya Damu Kugundua Maambukizi Baada ya Kupandikizwa Uloto

Nafanya kazi ya maabara hapa Mwanza, na kosa ninalokutana nalo ni lile lile. Mgonjwa amerudi nyumbani baada ya kupandikizwa uloto Dodoma, Dar es Salaam au India. Jioni anapata homa. Ndugu wanamkimbiza maabara ya jirani, CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe) inasoma 9, malaria hakuna, wanarudi nyumbani na panadoli. Kesho yake alfajiri analetwa kwa gari la kukodi, presha imeshuka na anaongea maneno yasiyoeleweka.

CRP ile ilikuwa sahihi. Ilipimwa homa ikiwa na saa 2 tu, wakati ini halijaanza kuitengeneza kwa wingi. Kosa lilikuwa kuitaka itoe ruhusa ya kulala nyumbani, na ruhusa hiyo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuitoa kwa mgonjwa huyu. Homa ndiyo inayoamua kwenda hospitali. Damu inasaidia kuamua yanayofuata mkishafika.

Nimeandika kwa ajili ya mgonjwa, ndugu anayemuuguza, na mhudumu wa afya ambaye hajazoea wagonjwa wa aina hii. Timu iliyompandikiza ikiwa imeelekeza tofauti, fuateni timu.

## Vitu vya kuandaa kabla homa haijaja

- Kipimajoto cha kidijiti cha mgonjwa peke yake, pamoja na betri ya akiba.
- Daftari moja la majibu. Picha za simu hupotea simu ikiharibika.
- Barua ya hospitali iliyopandikiza: uloto ulikuwa wake mwenyewe au wa mchangiaji, tarehe, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, na kama bado ana mpira kwenye mshipa mkubwa wa kifuani.
- Namba ya simu ya timu inayopokelewa usiku. Ijaribuni mchana mkiwa watulivu.
- Kadi ya bima, na nauli ya dharura kwenye bahasha ambayo hakuna anayeigusa.
- Jina la hospitali moja mtakayokwenda moja kwa moja. Kwa walio mjini, Bugando iko juu ya kilima kile na ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda. Zungumzeni na kliniki huko kabla ya shida, wamjue mgonjwa na waifahamu barua yake.

Kisha pigeni simu maabara na muulize mambo manne: mnaotesha damu (kuiweka kwenye chupa kuona kama bakteria wataota) saa 24? Prokalsitonini, kipimo cha kushuku bakteria kinachoandikwa PCT kwenye fomu, mnapima hapa hapa au mnapeleka kwingine? Majibu huchukua muda gani? CRP yenu mnaiandika kwa kipimo gani? Swali hilo la mwisho mtaliona tena hapa chini.

## Hatua ya 1: Chukua namba za siku njema

Siku mgonjwa yuko vizuri kliniki, hakikisha FBP (hesabu ya chembe zote za damu) na CRP zimepimwa na kuandikwa kwenye daftari, pamoja na siku ya upandikizaji. Siku aliyopewa uloto ni siku ya 0, na kuanzia hapo mnahesabu mbele.

Kuna watu ambao CRP yao hukaa juu kwa wiki kadhaa bila maambukizi yoyote. Vidonda vya mdomo na utumbo vinavyoachwa na dawa kali huipandisha. Chembe za mchangiaji zikianza kushambulia ngozi au utumbo wa mpokeaji, nayo hupanda. Mtu aliyezoea 20 akija na 24, hilo ni jambo moja. Aliyezoea 3 akija na 24 ni jambo jingine kabisa. Bila namba ya siku njema daktari wa zamu hawezi kuwatofautisha.

Angalia kipimo cha namba. CRP huandikwa kwa miligramu kwa lita, lakini mashine nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita, na tofauti yake ni mara 10. CRP ya 4 kwa desilita ni 40 kwa lita. Nimeshuhudia ndugu wakifurahi kwamba imeshuka kutoka 38 hadi 6, kumbe wamebadilisha maabara na ile 6 ilikuwa 60. Kwa PCT hamna shida hiyo: nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni kitu kimoja.

*Umefaulu kama:* ukurasa wa kwanza wa daftari una CRP, chembe nyeupe, nyutrofili (aina mojawapo ya chembe nyeupe) na chembe sahani (zile za kugandisha damu) za siku ya amani, kila moja na kipimo chake na jina la maabara.

## Hatua ya 2: Pima joto, na likifika kiwango, ondokeni

Pima asubuhi na jioni, na kila anapojisikia baridi au mwili kuchoka ghafla. Kiwango kinachotumika sana ni 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu kwa saa 1. Kwapani kipimajoto husoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo chagueni sehemu moja mkae nayo. Kama ni mdomoni, asubiri nusu saa baada ya uji au chai ya moto. Usipime kamwe njia ya haja kubwa: mchubuko mdogo pale unaweza kuingiza bakteria kwenye damu.

Usitoe panadoli kabla ya kupima na kuandika. Dawa ikishashusha joto, ushahidi umeondoka.

Zipo hali ambazo hazisubiri kipimajoto: kutetemeka, hasa ndani ya saa moja baada ya mpira kusafishwa; kupumua haraka; mkojo kupungua; kuchanganyikiwa; kizunguzungu akisimama. Mgonjwa anayetumia prednisoloni anaweza kuwa na maambukizi makubwa joto likiwa 37.2, kwa sababu dawa hiyo huzima homa, na CRP nayo huipunguza.

Mkifika hospitali, semeni maneno haya mlangoni: "Amepandikizwa uloto, ana homa." Antibiotiki ya kwanza ya mshipani inatakiwa iingie ndani ya dakika 60 tangu kufika. Msikae foleni ya kawaida, na msione haya kurudia.

Kuhusu umbali nitasema wazi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko usiku wa manane. Mtu wa Ukerewe bado anategemea meli na ratiba yake. Kama kwenu ni kisiwani, tafuteni ndugu wa kukaa kwake mjini kwa miezi ile ya mwanzo, hadi timu iseme mnaweza kurudi. Najua ni gharama na ni mzigo kwa mwenyeji. Saa 8 usiku Nansio, kule Ukerewe, homa ikiwa 39, hakuna kipimo cha damu kitakachofupisha maji yale.

## Hatua ya 3: Damu itoke kabla ya antibiotiki

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipimo chenye uzito kuliko vyote ni kuotesha damu. CRP na PCT zinasema mwili umekasirika. Kuotesha ndiko kunakotaja bakteria na dawa inayomuua. Antibiotiki ikitangulia hata kwa nusu saa, bakteria wanaweza wasiote. Lakini kama mshipa haupatikani na dakika zinakwenda, dawa iingie. Damu ya kuotesha isiwe sababu ya kuchelewesha.

Kwa mhudumu anayetoa damu:

Toa seti 2. Kama mgonjwa ana mpira, seti moja itoke kwenye mpira na nyingine kwenye mshipa wa mkono, kwa wakati mmoja, na kila chupa iandikwe ilikotoka. Kama mpira una njia mbili, kila njia itolewe damu yake. Chupa ya mpira ikiota angalau dakika 120 kabla ya ile ya mkono, mpira wenyewe unashukiwa kuwa chanzo. Usipoandika ilikotoka, habari hiyo imepotea moja kwa moja.

Jaza chupa vya kutosha. Mtu mzima anahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Mtoto kwa uzito wake, kwenye chupa ya watoto. Naelewa huruma ya kutoa damu kidogo kwa mgonjwa aliyepauka. Ila bakteria kwenye damu huwa wachache sana, na mililita 2 za mtu mzima mara nyingi hazina hata mmoja.

Safisha ngozi na kofia ya chupa, kisha subiri pakauke. Dawa ya kusafishia huua inapokauka. Ukichoma pakiwa pabichi, bakteria wa ngozi wataingia kwenye chupa na mgonjwa atatibiwa ugonjwa wa kidole chako.

Chupa za kuotesha hazikai kwenye friji wala kwenye jua la bodaboda. Zifike maabara mapema zikiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Seramu (maji yanayobaki damu ikiganda) ya PCT ni kinyume chake: itenganishwe mapema, na kama inapelekwa maabara nyingine isafiri kwenye kiboksi cha baridi. Nimeona chupa na seramu zikifungwa pamoja kwenye kiboksi kimoja cha barafu. Seramu iliokoka, chupa ziliharibika.

Mrija wa zambarau wa FBP ugeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, usitikiswe. Damu ikiganda kidogo mle, chembe sahani zitasomeka chini kwa uongo, na mgonjwa huyu anaweza kuongezewa chembe sahani ambazo hakuzihitaji. Na usitoe damu kwenye njia ambayo dripu inapita: utapima maji.

*Umefaulu kama:* chupa zina saa na mahali zilipotoka, antibiotiki imeingia, na dakika 60 hazijaisha. Nyingi zinazoota huonekana ndani ya saa 48, ingawa maabara hukaa nazo siku 5.

## Hatua ya 4: Soma nyutrofili kabla ya kusoma kitu kingine

FBP hupatikana karibu kila mahali na majibu hutoka haraka. Nyutrofili ni askari wa kwanza dhidi ya bakteria. Hesabu yake ni rahisi: chukua chembe nyeupe zote, zidisha kwa asilimia ya nyutrofili, gawanya kwa 100. Mfano, chembe nyeupe 1.4 maana yake ni 1,400 kwa mikrolita. Nyutrofili zikiwa asilimia 30, unapata 420.

Chini ya 500 ni hatari kubwa. Chini ya 1,000 na zinazidi kushuka, mchukulie hivyo hivyo. Mtu asiye na nyutrofili hatengenezi usaha, jeraha lake haliwi jekundu sana, na hata picha ya kifua inaweza kuonekana safi wakati nimonia ipo. Kwa hiyo usitegemee kuona pa kuumwa.

Chembe zikiwa chache sana, mashine hukosea kuzigawa. Omba mtu asome slaidi kwa macho. Wenzangu wa maabara, tusisubiri kuombwa.

Namba ikipanda, usikimbilie kufurahi pia. Sindano za kuamsha uloto hupandisha nyutrofili, na prednisoloni huzitoa kwenye kuta za mishipa zikaonekana nyingi. Uloto mpya huhesabiwa umeshika pale nyutrofili zinapofika 500 kwa siku 3 mfululizo. Siku ya kwanza kati ya hizo ndiyo inayoandikwa.

## Hatua ya 5: Pima CRP na PCT, ukijua saa zake

CRP hutengenezwa na ini baada ya kupata taarifa ya uvimbe mwilini. Huanza kupanda saa 6 hadi 12 baadaye, na kilele chake ni kama siku ya pili. PCT hukimbia zaidi: hupanda ndani ya saa 3 hadi 6, na hufika kileleni ndani ya siku moja. Ndiyo maana kipimo cha saa ya kwanza ni cha kuanzia hesabu tu. Andika saa homa ilipoanza na saa damu ilipotoka. Bila saa hizo mbili namba haisomeki.

PCT huelekea zaidi kwenye bakteria. Mtu mzima wa afya huwa chini ya 0.1. Kuanzia 0.5 unaanza kushuku bakteria waliosambaa; juu ya 2 shaka inakuwa nzito. Lakini shika sana hili: chini ya 0.5 hakumwondolei mgonjwa huyu hatari. Asipokuwa na chembe nyeupe, PCT yake inaweza kupanda kidogo tu. Ukungu mara nyingi hauipandishi, na virusi pia.

Nayo hupanda bila bakteria. Wagonjwa wanaopewa ATG, dawa ya kupunguza chembe T kabla ya kupandikizwa, hupata homa na PCT ya juu sana siku zile zile hata kama hawana maambukizi. Figo zikiwa mbovu, PCT hukaa juu. CRP kwa upande wake inaweza kuwa chini kwa mtu ambaye ini limechoka, au aliyepewa tosilizumabu, dawa ya kuzima uvimbe, kwa sababu dawa hiyo hukata ile taarifa inayoliamsha ini. Kwa aliyepewa dawa hiyo, CRP ya 1 haina maana yoyote.

Kama mfuko unaruhusu kipimo kimoja tu, mimi ningechagua CRP inayoweza kurudiwa kesho na keshokutwa maabara ile ile, kuliko PCT moja ya gharama ambayo hairudiwi.

Ongezeni laktati (asidi inayopanda viungo vikikosa damu ya kutosha) ikiwepo. Juu ya 2 inataka mgonjwa aangaliwe kwa karibu. 4 na kuendelea ni dharura hata kama presha bado inaonekana nzuri.

## Hatua ya 6: Malaria isiwafumbe macho

Kanda ya Ziwa kila homa inaitwa malaria, na mara nyingi ni kweli. Ipimeni siku zote, maana inaweza pia kuja na damu ya kuongezewa. Lakini kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa. Omba slaidi, wadudu waonekane na wahesabiwe.

Malaria yenyewe hupandisha CRP na PCT. Kwa hiyo slaidi yenye wadudu na PCT ya 5 haimaanishi kwamba bakteria hawapo. Aliyepandikizwa uloto akiwa na malaria na homa, anatibiwa vyote viwili mpaka chupa za kuotesha zimeongea. Dawa ya malaria ichaguliwe kwa kuwasiliana na timu, kwa sababu baadhi hugongana na siklosporini (dawa ya kutuliza kinga) na dawa za ukungu.

Jambo la wenyeji wa mwaloni: mwambie daktari kama umekulia kwenye maji ya ziwa au kutembea pekupeku. Kichocho na minyoo ya strongiloidi hukaa mwilini miaka, na minyoo hiyo inaweza kulipuka chini ya prednisoloni na kubeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu. Eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikiwa juu ni dokezo, ingawa dawa hiyo hiyo huzificha.

## Hatua ya 7: Rudia, kisha soma mwelekeo

Pima tena baada ya saa 24 na saa 48, maabara ile ile. Antibiotiki ikifanya kazi, PCT hupungua kwa karibu nusu kila siku. CRP huchelewa. Inaweza kuwa juu zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza hata kama mgonjwa anapona, kisha ikaanza kushuka. Ndugu wengi hukata tamaa siku hiyo ya pili, na wengine hudai dawa ibadilishwe. Mwangalieni mgonjwa: anakula? Presha iko wapi? Homa inaachia nafasi?

Kinachonitisha ni CRP iliyokwisha kushuka halafu ikageuka kupanda, au homa inayofika siku ya 4 au 5 ya antibiotiki nzuri na nyutrofili bado chini. Hapo ukungu unatafutwa, na picha ya CT ya kifua inahitajika.

*Umefaulu kama:* homa imekata, namba zote zinashuka kwa pamoja, na chupa hazijaota kitu au zimeota na dawa imelengwa. Kupunguza au kuacha antibiotiki ni uamuzi wa daktari. Msiikatishe nyumbani kwa sababu CRP imefika 8.

## Hatua ya 8: Wale ambao CRP haiwaoni

Kirusi cha CMV hukaa kimya kwa watu wengi na huamka kinga ikishuka. Kwa aliyepokea uloto wa mchangiaji, hutafutwa kwa PCR, kipimo kinachohesabu kirusi chenyewe kwenye damu, kila wiki hadi siku ya 100 hivi, na zaidi kama bado anatumia prednisoloni. CRP inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku kirusi kinapanda. Vipimo vya kingamwili vya CMV havisaidii hapa. Maabara ikiwapa hivyo badala ya PCR, kataeni. Sampuli iende maabara moja siku zote, iwe plazima siku zote au damu nzima siku zote. Tofauti ndogo ni ya mashine. Kupanda mara 3 au zaidi ni kwa kweli.

Ukungu wa aspergilasi hutafutwa kwa galaktomanani, kipande cha ukungu huo kinachoingia kwenye damu, ambayo kwenye seramu hushukiwa kuanzia 0.5. Kwa anayetumia dawa za kuzuia ukungu kipimo hicho hupoteza nguvu, na majibu hasi hayamtoi mgonjwa kwenye orodha.

Baada ya siku ya 100 hatari haiishi, inabadilika sura. Mtoto aliyepandikizwa kwa sababu ya sikoseli mara nyingi bandama lake lilishakufa zamani, na bakteria wa nimokoka wanaweza kumwangusha ndani ya saa chache hata nyutrofili zikiwa 4,000. Penisilini yake ya kila siku na chanjo zake mpya zifuatwe kama timu ilivyopanga, na homa bado ni homa.

## Hatua ya 9: Tuma ujumbe unaosomeka

Daktari aliye Dodoma au Dar hawezi kusaidia kwa ujumbe wa "mgonjwa ana homa, CRP iko juu". Andika hivi, kwa mpangilio huu:

*"Siku ya 47, uloto wa dada yake. Joto 38.6 mdomoni saa 3:10 usiku, ametetemeka. Ana mpira. Anatumia siklosporini na prednisoloni. Damu imetoka saa 4:00: nyutrofili 620 (wiki iliyopita 1,900), chembe sahani 54,000, CRP 31 mg/L (siku njema 6), PCT inasubiriwa, laktati 1.8. Slaidi ya malaria haina wadudu. Chupa 2 za mpira na 2 za mkono zimekwenda. Antibiotiki imeingia saa 4:15. Presha 104/62. Tunarudia CRP kesho saa 4 usiku."*

Piga picha ya karatasi ya majibu uiambatanishe, jina la maabara na kipimo cha kila namba vikionekana.